Kutu ya Babu Lokorio

Chechelesi, Isiolo
4 Mei 1987

Ekeno,

Habari ya Nairobi? Sisi wazima, isipokuwa babu yako. Mkono unatetemeka mpaka chai inamwagika. Jana alimwita Karimi wa miraa kwa jina la mama yako. Wewe unayesomea udaktari, huu ni ugonjwa gani? Njoo umwone akiwa bado anakujua. Nimeandika mwenyewe, shule ya ngumbaru haikunifundisha bure.

Nyanya yako,
Natabo

Nairobi
29 Mei 1987

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua inawakuta salama. Ugonjwa huo ndio tunaochunguza hapa kwa panya. Hewa tunayovuta ikitumika mwilini huacha kitu kama cheche. Mwili wa kijana huzima cheche hizo. Kwa mzee zinaweza kuunguza ubongo polepole, kama hewa inavyotia chuma kutu. Bado hatuna hakika, na dawa ya kuzima cheche hizo hatujaipata. Panya siwezi kuwaacha sasa. Nitakuja Desemba.

Mjukuu wako,
Ekeno

Chechelesi
20 Juni 1987

Ekeno,

U mzima? Kumbe ni kutu, na ulinyamaza! Mkuki wa babu yako haujawahi kushika kutu, kwa sababu anaupaka mafuta ya mkia wa kondoo. Nimechinja kondoo. Kila asubuhi nampaka kichwa, na dirisha nimeziba hewa isiingie. Karimi anacheka, “Nyanya, unamkaanga mzee?” Nikamwambia, mjukuu wangu anasomea udaktari, wewe uza majani yako.

Ni aibu Mturkana kuchunga panya. Njoo.

Nyanya yako

Nairobi
6 Julai 1987

Nyanya,

Pole na kazi ya kuuguza. Tafadhali fungua dirisha! Kutu ilikuwa mfano tu. Cheche zinaunguza ndani, mafuta hayafiki huko. Kosa ni langu, nilieleza vibaya. Desemba si mbali.

Ekeno

Chechelesi
11 Oktoba 1987

Ekeno,

Habari ya panya?

Dirisha nilifungua siku ile ile barua yako ilipofika. Mafuta sikuacha. Najua hayafiki, usinifundishe. Lakini nikimpaka mkono unatulia, ananitazama, anauliza mimi ni msichana wa nani. Namtajia baba yangu. Juzi akasema nisiolewe kwingine, atapeleka ng'ombe kwetu. Nikamwambia alete wanono, baba ni mkali. Halafu nikatoka nje nikalia, mimi mzee mzima.

Zamani kila jioni alikuwa akiuliza, “Ekeno amerudisha mbuzi?” Sasa haulizi.

Ukija, usingoje akuite. Kaa chini mbele yake, umwambie wewe ni mtoto wa nani.

Nyanya yako,
Natabo