Mpira Uliofunga Mzigo wa Michembe

Bunia, Jumapili baada ya ibada

Kwako baba yangu,

Shikamoo. Naitoa kwa maandishi kwa sababu ile ya kwenye simu huwa unampa mama aipokee, na mama amechoka kuitikia marahaba isiyo yake. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Na ile pampu kubwa ya baiskeli, bado inakohoa wateja wakikaribia? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mvua za Bunia tumeshazoeana.

Najua hukupenda nije huku Kongo. Siku naondoka ulisema mbele ya wateja wote pale kibandani kwamba mtu anayejipeleka vitani kwa hiari, wewe huna barua ya kumwandikia. Miezi saba sasa umelishika neno lako. Nimekuandikia barua nne, hii ya tano. Kazi niliyojitolea kuifanya, ya kuwafundisha kina mama kushona, inakwenda vizuri. Wengi wao walikimbia vijiji vyao vya Djugu wakaacha nyumba na mashamba, na leo wanashona sare za shule huku wanataniana. Mchana sina shida. Jioni nikirudi chumbani ndipo najiuliza: baba amekasirika tu, au amenitoa moyoni? Nimelia mara nyingi kuliko nilivyomwambia mama.

Alhamisi iliyopita nilipata mzigo. Huku hatungoji posta, tunangoja watu. Rafiki zangu Siwema na Halima, wale tulioshona nao pale soko la Nzega, walimkabidhi dereva wa lori la Kampala. Kutoka huko ukafika mpakani, ukavushwa ziwa kwa boti hadi Tchomia, na mama mmoja muuza samaki akaupandisha mpaka Bunia kwa pikipiki, juu ya kapu lake. Ulivyonuka, paka wa jirani alinisindikiza hadi mlangoni.

Nilikaa kizingitini niufungue. Baba, ule mpira uliofunga mzigo niliujua. Utepe wa tyubu kuukuu, wenye kiraka cha mviringo, na mafundi wote wa Nzega wanakata viraka vya pembe nne isipokuwa wewe. Umezungushwa mara mbili kwa urefu, mara tatu kwa upana, na ncha haina fundo: imepitishwa chini ya mzunguko wa pili, ikakazwa kwa jino. Hata alama ya jino ilikuwepo. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Sasa, huku mtu akipokea kitu kutoka kwao akaangua kilio, watu wanaelewa jambo moja tu. Jirani yangu Mama Lotsove, mmoja wa wanafunzi wangu wa cherehani, alizima redio. Kabla sijafuta kamasi, wanawake sita walikuwa wamekaa chini uani kwangu, mikeka imetandikwa, mmoja kaja na kikapu cha makaa, mwingine kashaanza wimbo wa msiba.

"Pole, mwalimu," Mama Lotsove akanishika bega. "Ni nani alikufa kule kwenu?"

"Hakuna aliyekufa. Ni baba. Baba amefunga mzigo."

Akanitazama. "Baba alifunga muzigo, na weye iko unalia?"

Ikabidi niwaeleze yote, kibanda, wateja na neno lako. Walicheka mpaka mwenye makaa akasema hayarudishi nyumbani, basi tuyapikie chai. Mama Lotsove peke yake hakucheka. Aliushika ule mpira, akauvuta, akauachia.

"Siye tulikimbia, baba yangu akabakia kule Bambu. Miaka mbili sina habari yake. Nikipata ata kamba ya mbuzi yake, nitajua iko muzima. Na weye unasema baba yako haandike? Si huyu alikuandikia! Si kila mutu anaandikaka na bic."

Tukala kwa chai michembe ya mzigoni, viazi vitamu vikavu vya kwetu, pale pale kwenye mikeka ya msiba, wakiuliza kama ni viazi au ni dawa. Wakanilazimisha niwasomee barua ya rafiki zangu iliyokuwa ndani ya mzigo. Siwema anasema mpiga kinanda mpya wa kwaya husinzia mahubiri yakianza na huamka na wimbo usiohusika. Halima anasema kiti changu pale sokoni kimetwaliwa na kuku, anataga. Juu yako hawakuandika hata neno. Najua uliwakataza, na najua walivyojiuma ulimi.

Mpira sikuukata. Niliufungua kwa kucha robo saa nzima, maana nilikumbuka unavyosema kwamba anayekata mpira ni mvivu, na kesho ataomba wa jirani. Nikakumbuka na safari zetu za Ndala kwa bibi. Ulikuwa unanikalisha kwenye keria ya baiskeli, unanizungushia mpira kiunoni na kuupitisha kiunoni kwako, ili nikisinzia nisianguke. Nilikuwa nanusa grisi na jasho la shati lako, naona mashamba ya alizeti yakipita. Hukuwa unageuka. Ulikuwa unauliza tu, "Upo?" Nami najibu, "Nipo." Nimezikumbuka safari hizo tangu siku ile, hata darasani nashona mshono unakwenda upande.

Basi nakurudishia mpira wako, ndio huu uliofunga barua. Nimeufunga kwa mtindo wako, ingawa jino langu halina nguvu ya lako. Kama umeapa kutoandika, usiandike, kiapo ni chako. Ila ukishaufungua, ufunge tena kwenye kitu chochote, hata gunzi la mahindi, mpe Siwema, yeye anajua njia. Nitaelewa.

Msalimie mama, mwambie marahaba zake zote nimezipokea. Msalimie kaka Masanja, asichezee spana zako. Siwema na Halima waambie kuku akiangua, kifaranga kimoja ni kodi ya kiti changu. Na Mama Lotsove anakusalimu. Anasema ukifunga mzigo, ufunge na wa kwake.

Nipo, baba.

Mzigo wako wa kwanza kwenye keria,
Kabula