Zile Darubini Tulizozigonga

Afande,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu. Miezi saba tangu tukuzike, na karakana ya silaha uliyoniachia hapa Mbarara ni ileile: jiliwa la kubania vyuma limelegea, dirisha halifungi, vumbi mpaka kwenye chai. Kiti chako hakuna anayekikalia. Si kwa heshima, usijidanganye. Mguu mmoja umevunjika.

Nakukumbuka zaidi ukipima darubini za bunduki. Unaibana moja kwenye jiliwa, unaielekeza kwenye ule ubao tuliouchora mistari, kule ukutani mwa stoo. Unashika kigurudumu cha juu, kile kinachopandisha na kushusha shabaha, unakizungusha ukihesabu milio yake, tik arobaini. Halafu unaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, unasema, "Amka, mama," ndipo unachungulia. Ule msalaba wa shabaha ndani ya kioo umepanda hadi kwenye mstari wake. Unarudisha tik arobaini, unagonga tena, unachungulia. Msalaba umerudi ulipotoka. Unatia saini, mimi naandika daftarini: nzima. Miaka sita tulifanya hivyo. Sikuwahi kukuuliza kwa nini tunagonga, na nadhani wewe pia hukumuuliza aliyekufundisha.

Mwezi uliopita kuna kikosi kilikuwa kinajiandaa kuondoka, zikaletwa darubini kumi na mbili nizikague. Mkono mmoja nilikuwa nimeuunguza kwa uji, nimeufunga kitambaa, kwa hiyo sikugonga. Nikazungusha tik arobaini, nikachungulia. Msalaba haujasogea. Nikadhani nimekosea kuhesabu. Nikaegemea meza niandike, meza ikatikisika, nikachungulia tena. Umeruka, uko kwenye mstari.

Nilikaa chini, Afande. Springi ya ndani ilikuwa inakwama, na kugonga kwetu ndiko kulikokuwa kunaikwamua. Hatukuwa tunapima darubini, tulikuwa tunaisaidia kufaulu mtihani. Askari akiwa porini hagongi. Anazungusha, anapiga, risasi inaangukia njiani, na aliye upande wa pili ameshajua alipolala. Nilizirudia zote bila kugonga. Tano zilikwama. Zote tano tulishazipitisha mwaka jana, kwa saini yako na mwandiko wangu.

Ningesema, jina lako lingeanguka. Mkubwa wetu alikuwa ameshaamuru kila mgeni wa karakana afundishwe kupima kwa mtindo wa marehemu. Ningenyamaza, kikosi kingeondoka nazo Jumatatu. Basi nikanyamaza, siku mbili nzima. Nikakulinda wewe uliyekwisha kufa, na walio hai nikawaacha wafunge mizigo yao. Naona aibu hata kukuandikia.

Jumamosi nilienda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa mke wako. Nyumba ya jeshi ilibidi airudishe, kwa hiyo yuko hukohuko, upande wa Juru, kwa mama yake, palepale walipopokelewa walipokimbia Kongo. Nilimkuta anapeta maharage, nikachukua ungo nikamsaidia, nikamweleza kila kitu. Kwanza alicheka. Alisema ulikuwa unagonga vitu vyote, redio, saa, hata sufuria kabla hajaifunua. Nikacheka naye, maana ni kweli. Kisha akaweka ungo chini.

"Wende ubaambie," alisema. "Miye nilishalia bwana yangu. Sipende mwanamuke mwingine alie juu ya jina yake."

Mimi ndiye niliyelia, pale kwenye maganda. Yeye aliendelea na kazi yake, akaniacha hadi nikamaliza. Kisha akanifungia maharage ya kwenda nayo, akanisindikiza hadi kwa watu wa bodaboda.

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkubwa. Nikamwonyesha darubini moja, bila kugonga na kwa kugonga. Akauliza kosa ni la nani. Nikasema ni letu wawili, la marehemu na langu, na ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti. Akaichukua akajaribu tena mwenyewe, maana alikupenda yule. Zile tano ziliondolewa siku hiyohiyo. Wageni sasa wanazungusha na kuchungulia tu. Mtindo wako umefutwa, pole sana.

Kikosi kilipoondoka, sajini mmoja aliyenyang'anywa darubini yake alinitukana mbele ya lori zima. Alisema wanawake wa stoo hawajui vita. Nilisimama wima, nikamwacha amalize, nikamtakia safari njema.

Afande, sikuombi radhi kwa kusema. Nakuomba radhi kwa zile siku mbili, na najua wewe usingeninyamazia hata saa moja.

Lakini kuna jambo sijamwambia mkubwa wala mke wako. Nimeanza kusoma daftari kutoka mwanzo. Miaka sita, ukurasa kwa ukurasa, nzima, nzima, nzima. Nyingi zilienda mbali na hapa, na wengine waliozibeba hawakurudi. Tuliwasomea sala tukiwa mimi na wewe tumesimama mstari mmoja, kofia mkononi. Sitajua kamwe kama yuko hata mmoja aliyekufa kwa mikono yetu.

Zilizobaki nitazitafuta kambi kwa kambi, kwa namba zake, na kila moja nitaipima upya. Nakuahidi. Wewe pumzika. Nafurahi kwamba ulikufa bila kujua, na ninakuonea wivu.

Koplo wako,
Kemigisha