Baba Alikuwa Akingoja Jibu Lako

Dada Mawii,

Mji mzima wa Champhai hauna mpiga ngoma wa kanisa kama mimi. Nikiipiga, hata wazee waliosinzia huruka. Juzi niliipiga kwenye maziko ya Baba. Vijana tulimchimbia kaburi wenyewe, na waumini wameshinda kwetu siku tatu wakiimba.

Miaka thelathini ya uchungaji wake, lakini kila mtu anakumbuka Jumapili aliyokufuta kanisani, binti yake mwenyewe, kwa kuolewa na Mhindu.

Mwezi uliopita aliniita. "Haya, profesa, andika: Mawii mwanangu, rudi nyumbani. Nilikukosea."

"Hiyo kwangu ni kama kunywa maji, Baba!"

Kila asubuhi akawa anauliza, "Amejibu?"

"Bado, Baba."

Akafa akingoja. Dada, barua ile sikuiandika. Niliogopa utaucheka mwandiko wangu.

Mdogo wako,
Rema