Maji ya Paja Langu Yamekauka

Butembo

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zenye furaha kubwa. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Kasugho? Na baba, bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mimi mwanao niko salama, nawe utajionea katika barua hii.

Najua mlisikia habari mbaya. Ile risasi iliyonipata kwenye njia ya Mbau waliitoa vizuri hapa hospitalini, lakini kidonda cha paja kikakataa kufunga. Kilitoa maji ya manjano mchana kutwa, shuka zikaloa, na Kavira mke wangu akafua mpaka mikono ikachubuka. Daktari alisema si usaha, ni maji ya mwili, maana mishipa yake midogo ilikatwa. Yasipokauka, kidonda kitaoza na mguu utakatwa. Mama, niliogopa sana. Fundi cherehani asiye na mguu atakanyaga nini?

Basi wakaweka sponji safi kidondani, wakaifunika kwa plastiki ya kunata, wakatia tiyo, mpira uendao kwenye mashine ya kuvuta. Ikanguruma, plastiki ikanywea, maji yakaingia chupani.

Jumapili akina mama wa kwaya wakaja kunitazama. Unatujua, mgonjwa haachwi peke yake: wakajaa kitandani kwangu. Katikati ya wimbo Kavira akaona maji ya chupani hayaongezeki.

"Maji imekauka! Yesu iko muzuri!"

Vigelegele! Hata mimi nililia. Muuguzi akaja mbio, akaona plastiki imevimba, akamgeukia kiongozi wa kwaya, mama mnene mpole.

"Mama Présidente, simama kwanza. Umeikalia tiyo."

"Mawee! Mimi nilizani ni mufupa yake!"

Aliposimama tu, maji yakashuka tena. Walicheka wote, mimi nikageukia ukuta.

Tangu hapo Kavira hakuruhusu mtu kukaa kitandani. Hata mchungaji aliomba akiwa wima! Maji yakapungua polepole. Asubuhi ya leo daktari alibandua plastiki, akakandamiza kitambaa cheupe pale, kikabaki kikavu. Akanipa nikishike mwenyewe.

"Kasereka, muguu ni ya kwako."

Nikatembea hadi mlangoni, wagonjwa wakapiga makofi. Mama, tumeshinda!

Nisalimie dada Masika na wanawe, na shangazi aliyefunga kwa ajili yangu: mwambieni ale sasa.

Nasikia baba amekwisha kutafuta wanaume wa kunibeba kwa machela, nisije nikafia ugenini. Waambie warudi shambani. Nitakuja kwa miguu, yote miwili.

Wasingya, asante sana, mama.

Mwanao,
Kasereka