Mji Unaouita Kijiji cha Baridi

Iyunga, Mbeya

Mdogo wangu Yohana,

Barua uliyomwandikia shemeji yako imefika, ikasomwa hapa nyumbani mbele ya wageni. Eti Mbeya ni kijiji cha baridi na matope, wewe huko migodini kusini, ng'ambo ya mpaka, umeona miji ya kweli, na hurudi tena. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nakujibu kwa mkono wangu, usidhani nimetafuta karani.

Mji wa kula unga wa gunia mwaka mzima ni mji gani? Hapa ukungu haujatoka mlimani Loleza, sokoni viazi vimeshafika, njegere zimefika, mbao bado zinanukia msitu. Malori ya Iringa yanagombania kupakia. Na viazi vinavyotangulia kuisha ni vyangu, muulize yeyote.

Umesahau kule juu, shamba letu linapopakana na msitu? Baba alitugawia siku moja, upande wangu na upande wako. Tulikata matawi, tukalundika, tukachoma, tupande ulezi kwenye majivu. Moshi ukakuliza. Baba akakwambia, "Lia tu, ila usiache kupuliza." Ulezi wako ulikufika kifuani. Wangu ulizidi.

Sasa bwana misitu ameweka mawe ya mpaka. Shamba lisilolimwa linapandwa miti ya serikali. Misimu mitatu nimelima lako pamoja na langu, kwa mgongo huu huu. Juzi akaniuliza, "Mzee, mwenye hili yuko wapi?"

"Ameshuka mtoni kunywa maji."

"Mwaka jana pia ulisema yuko mtoni. Kiu gani hiyo, mzee wangu?"

Askari wake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi, mzee wa kanisa, nimesema uongo mara mbili kwa ajili ya mtu anayetukana kwao!

Mvua za kwanza zikinyesha atarudi kukagua. Simdanganyi tena, wala silimi tena shamba la mtu mwenye mikono yake. Ukichelewa utakuta miti, na usije kunililia.

Jembe lako nimelitia mpini mpya. Mti niliuchagua mwenyewe, mgumu, na nimeuacha mrefu, maana wewe ni mrefu kuliko mimi. Ni hilo tu ulilonizidi.

Wasalimu wenzako wa huko, na uwaage kabisa.

Ni mimi kaka yako, wa tumbo moja na wewe