Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Kongwa, Jumanne 14/6/1994

Sili ile ile ya kuzuia oili imevuja tena. Zamani tulikosa spea kabisa. Siku hizi maduka yamejaa, lakini feki tupu. Leo nilipofungua gurudumu la trekta letu dogo nilikuta oili imelowesha breki ya mkono. Nikaiosha kwa petroli, nikakaza waya. Pale uani ikashika. Fundi yeyote anajua breki iliyokwisha kunywa oili haiponi kwa kuoshwa. Nami najua.

Mdogo wangu Yohana, ndiye dereva, akaniuliza, "Kaka, jiwe nibebe?" Miaka miwili hajaegesha bila kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Breki imeshika," nikamkemea. "Achana na jiwe, watu wanatucheka."

Alasiri, kwenye mteremko wa shamba la mtama, trekta lilirudi nyuma lenyewe Yohana akiwa anapakia magunia. Mguu wake umevunjika mahali pawili.

Baba alifika hospitali amefura. "Jiwe lilikuwa wapi?"

Nilifungua kinywa, lakini Yohana aliniwahi. "Shikamoo, baba. Nililisahau nyumbani."

Baba akanigeukia. "Na wewe fundi, hukumkumbusha?"

Nikasema nilimkumbusha.