Uwanja Usio na Mlango wa Nyuma

Thika, Jumamosi, mwezi wa saba.

Jua halijaonekana tangu asubuhi. Ukungu umelala juu ya mtaa wetu wa Majengo na moshi wa majiko unashindwa kupanda, unazungukazunguka milangoni hadi macho yanawasha. Nimewasha taa mapema ili niandike kabla ya saa ya kafyu. Haya niliyo nayo leo siwezi kumwambia mtu, na nikinyamaza nayo nitalala macho.

Kesho wanafungua Uwanja wa Furaha.

Mtaani hakuna habari nyingine. Ukumbi mpya wa dansi, hoteli za chai pande zote, taa ndefu ya umeme katikati, mawe ya machimbo ya Ndarugu yamechongwa yakawa sawasawa kama vipande vya sabuni. Jumatatu tingatinga litapita kwenye barabara yetu hii ya zamani, na hoteli yangu itakuwa vumbi. Tumeambiwa hivyo kwa upole sana, na asante juu yake.

Upole huo ndio unaonitisha.

Nianze mwanzo. Wenye hoteli tuna kamati, na mwenyekiti wetu ni Gitau, mwenye hoteli kubwa kuliko zote na tumbo la kulingana nayo. Mwaka jana Mzungu mmoja wa ramani alikuja kutuuliza tunataka mtaa mpya uweje. Kijana mwenye nywele nyekundu, soksi hadi magotini. Aliketi kwenye benchi langu, akanywa chai yangu, akasema asante. Mzungu kuja kutuuliza sisi, katikati ya Hali hii ya Hatari! Tulijimwaga kama maji. Gitau alisema wezi wanaingia kwa milango ya nyuma na kubeba sukari na masufuria, basi hoteli mpya zisiwe na milango ya nyuma. Mwenye ukumbi wa dansi alisema wahuni wanaruka madirishani, basi madirisha yawekwe juu. Mama Mugo, jirani yangu wa mandazi, alisema vichochoro ni vya walevi, heri visiwepo kabisa. Mimi nilisema giza linatutesa wanawake tukifunga kazi, atuletee taa. Mwingine akamalizia kwa lango. Lango moja, lenye askari, mali yetu ilale salama.

Yule kijana aliandika yote, na amejenga yote. Hakusahau hata moja.

Wakati huo Ndung'u alikuwa bado hajaja kwangu, na mlango wa nyuma nilidhani ni mlango wa wezi tu.

Ndung'u ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Serikali ilipowafukuza watu wetu Nairobi alikwenda Ruiru kuchuma kahawa, na shamba lilipoanza kutaka watu wenye karatasi kamili, akaja hapa na kinanda chake mgongoni, kile cha kuvuta na kubana. Hana ruhusa ya kukaa Thika. Analala stoo nyuma ya jiko langu, kati ya gunia la sukari na kuni. Askari wakipiga hodi mbele, yeye hutoka nyuma, anapita kwenye migomba ya Mama Mugo, na mimi nikimaliza kuwamiminia chai yeye yuko mbali upande wa Kamenu. Mlango wangu wa nyuma umemwokoa mara nyingi kuliko maombi yangu, Mungu anisamehe.

Mume wangu hakuwa na mlango wa nyuma siku yake. Askari walimkuta barabarani, kweupe, wakampandisha lori pamoja na wengine. Tangu siku hiyo najua yuko kambini, na kambi gani sijui.

Leo asubuhi tulikwenda kusafisha hoteli mpya. Wanawake wote wa mtaa, na mifagio, na vicheko. Sikatai, ni pazuri. Sakafu ni ya simenti, haina ufa hata mmoja. Jiko lina bomba. Niliosha kuta, nikapika chai ya kwanza ya kubariki mahali, tukanywa tumesimama. Kisha nikabeba karai la maji machafu na machicha ya chai, nikageuka nyuma kwenda kumwaga, kama ninavyogeuka kila siku ya maisha yangu ya hoteli.

Nikagonga ukuta.

Nilisimama pale na karai, maji yamenirukia kifuani. Kisha nikasikia jirani naye amepiga kelele, na wa pili yake. Kumbe kila mwanamke amegeuka na karai lake na kugonga ukuta wake. Tulitoka mbele sote, tumelowa, tukaanza kuchekana hadi mbavu zikauma. Mama Mugo alisema, "Haiya! Sasa takataka zitapitia sebuleni kama wageni." Tukapanga mstari na makarai vichwani, kuvuka ule uwanja safi, kwenda nje kumwaga, maana ndani hakuna mtaro wala kichochoro wala shimo la majivu.

Na njia ya kutoka ni moja. Langoni askari alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

"Mama, unapeleka wapi hiyo?"

"Ni maji chafu, afande."

"Unakaa hoteli gani? Na nani?"

Nikamwambia ninakaa peke yangu. Alichungulia karai langu muda mrefu, kana kwamba kuna mtu chini ya yale machicha. Nyuma yangu vicheko vilikuwa vimekwisha.

Wakati wa kurudi ndipo nilipoliangalia lile lango vizuri. Ni la chuma, refu, limepakwa rangi ya kijani ya kupendeza. Sisi wenye hoteli tutalala humo humo, kila mtu na chumba chake juu ya hoteli yake. Mimi nimefunga hoteli kila jioni tangu nilipoolewa, na najua kitu kimoja: anayelala na mali yake hufunga komeo akiwa ndani.

Lile komeo liko nje.

Nilisimama hapo katikati chini ya taa niliyoiomba kwa mdomo wangu mwenyewe, nikazunguka polepole. Hakuna kona hata moja ambayo mtu akisimama haonekani. Baraza ni nyembamba, benchi haliingii. Hakuna mti. Barabara yetu hii mbovu ina matope, sikatai, na imepinda kama mgonjwa wa tumbo, lakini paa zake karibu zinagusana na mvua haikupati ukiwa katika maongezi. Ukiketi mbele ya hoteli yangu unaona mpaka kwa fundi wa viatu tu, kisha barabara inakata kona, na wa ng'ambo ya kona hakuoni. Tuliita huo ubovu. Tumejipalia makaa wenyewe, na tukashukuru kwa chai.

Nilikwenda kwa Gitau. Alikuwa anatundika picha ukutani, jasho linamtiririka kwa furaha. Nikamwambia habari ya komeo.

"Mama Nyokabi, wacha maneno mingi," akasema bila kugeuka. "Hiyo lango ni yetu. Si sisi tuliomba?"

"Tuliomba komeo iwe nje?"

Hapo akashuka kwenye kiti. Akachungulia uwanjani kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nisiwaharibie watu sherehe, dansi ya kwanza tangu vita hivi vianze, ruhusa ameipata kwa shida, na mwenye kueneza uvumi siku hizi anajua anakopelekwa. Halafu akacheka ili anipoze. Akasema kesho chai ni bure. Malori yatawaleta wachuma kahawa wa Ruiru bure. Hata vipande vya ruhusa hakuna atakayeulizwa, serikali imeahidi, ni siku ya furaha.

Lori lisilodai nauli mimi nimelijua mara moja tu maishani.

Sijui Gitau anajua nini. Labda hajui kitu. Na yule kijana wa ramani, sijui kama yeye mwenyewe anajua alichojenga. Pengine aliulizwa kwa upole kama sisi, akarudishiwa ramani yake imeongezewa komeo, akasema asante. Huenda mimi ni mjane wa mtu aliye hai na naona malori kila mahali. Huenda kesho watacheza, watakunywa chai, watarudi makwao, na mimi nitachekwa mwaka mzima. Natamani hivyo. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nimeyahesabu.

Na mpiga kinanda wa kesho ni Ndung'u.

Gitau, mmoja wa wachache wanaojua yuko kwangu, ndiye aliyempangia, wiki iliyopita, bila kuniuliza. Nilirudi nyumbani mbio nikamkuta stoo anapangusa kinanda kwa kitambaa cha mafuta, anapiga mluzi. Nilimweleza yote: ukuta, askari, komeo, malori. Alinisikiliza hadi mwisho, hiyo nampa. Kisha akatabasamu lile tabasamu la mama yetu.

"Mwari wa maitu," akaniambia, huniita hivyo, binti wa mama yangu, akitaka kunilainisha. "Wewe unaogopa mlango?"

"Naogopa mahali hakuna mlango."

"Mimi nimeishi huku na kuni tangu mvua ya masika. Nikikohoa nauma blanketi. Kesho nitakaa kwa jukwaa, watu mia wananiona, na wanacheza kwa mkono yangu. Halafu wakitaka kunishika, washike. Angalau watashika mtu, si panya."

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli, na nilitaka kumzaba kofi kama alipokuwa mtoto. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikampelekea maji ya kuoga, nikangoja nisikie anamwagilia mgongo nyuma ya mabati ya bafu.

Kisha nikachukua kisu cha mkate.

Kinanda kile kilimgharimu miaka ya mashamba ya watu. Nilikikunjua magotini na kikatoa sauti, pumzi moja ndefu, hata nikaangalia mlangoni. Nikapitisha kisu kwenye mikunjo, upande hadi upande, pale ambapo gundi haishiki. Nililia nikikata. Sikutaka kulia kwa ajili ya kitu cha ngozi na karatasi ngumu, na nililia.

Alipoingia nilikuwa bado nimekishika. Nilitarajia matusi, nilitarajia hata kupigwa, na ningepokea. Alikichukua tu. Alikivuta mara moja, kikapiga upepo mtupu. Akaupitisha mkono wake ndani ya ule mpasuko na kuutazama ukitokea upande wa pili. Akakaa juu ya gunia la sukari. Sikuweza kumwangalia, nikawa napanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Nilidhani nimeshinda. Niliyaomba haya na nikadhani nimeyapata.

Kisha akasema, taratibu, bila hasira, "Haya. Kama siwezi kupiga, nitacheza. Mwomboko ni dansi ya miguu, haitaki mikono."

Akafungua sanduku lake, akatoa shati jeupe. Anayo mengine mawili ya kazi, na hayo yana madoa ya kahawa ya Ruiru, hawezi kwenda nayo mbele ya wasichana. Hili ndilo la kanisani. Akaliweka begani kwangu kama alivyokuwa akifanya kabla sijaolewa, akaniomba nimnyooshee, akaenda kujilaza stoo. Hivi sasa namsikia akihesabu hatua kwa mdomo, mbili na kugeuka, mbili na kugeuka.

Nimewasha makaa, nikayatia ndani ya pasi. Shati liko mbele yangu mezani, nimelinyunyizia maji, nimeikunjua mikono yake.

Pasi imeshapata moto. Nimeishika, na sijui kama nitalinyoosha au nitaliunguza.